Mwisho Alioutunga Bibi

Wiki iliyopita, rafiki yangu, niliingia duka la vitabu hapa Unguja kununua chaki za rangi za darasa langu, nikakikuta kitabu nilichokitamani utoto wangu wote. Kilikuwa cha mwisho katika mfululizo wa hadithi za watoto wa miungu ya Kigiriki. Nilikichukua, nikakisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikanyanyua simu nimweleze mtu. Sikuwa na wa kumpigia.

Nilikulia Mgogoni, Pemba, kwa bibi mzaa baba. Mama alifariki kabla sijajua kutambaa. Baba alikwenda Maskati kuendesha malori, na kila Idd ilipokaribia aliahidi kuja. Nilikuwa na pumu. Msimu wa karafuu shule ilifungwa, na watoto wote wa mtaa walifuatana na wakubwa mashambani kuchuma. Mimi vumbi na kupanda miti nilikatazwa. Mchana kijiji kilikuwa kimya hata unamsikia kuku akiparura nyumba ya pili.

Mwalimu wetu wa Kiingereza ndiye aliyeuona upweke wangu. Shule ilikuwa na maboksi ya vitabu vya msaada ambavyo hakuna aliyevigusa isipokuwa mchwa. Siku ya kufunga shule akanipa ule mfululizo, vitabu vyote ila cha mwisho, ambacho hakikuwamo, na kamusi kuukuu juu yake. "Ukikwama, usiruke," akasema. "Rudi nyuma usome tena."

Basi nikasoma. Nilikaa baraza ya uani, bakuli la shelisheli la kuchemsha pembeni, nikimfuata msichana wa rika langu ambaye mama yake alikuwa mtu wa kawaida na baba yake mungu wa upepo. Hakuwahi kumwona. Kila alipofikwa na hatari, upepo ulivuma ukamsukuma adui, na yeye akabaki akijiuliza: huyu ni baba, au ni upepo tu? Sentensi ile niliisoma mpaka ukurasa ukalegea.

Alasiri magunia yalipoletwa, mimi na bibi tulikaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vikiwasha na kunukia. Hapo ndipo nilipomsimulia. Siku ya kwanza aliweka chini kikonyo alichokishika.

"Miungu? Astaghfirullah! Mungu mmoja tu, mwanangu."

Niliogopa atavirudisha vitabu. Bibi akachambua kidogo, akafikiri, akasema, "Hao ni majini. Haya, endelea."

Tangu siku ile wakawa majini, na mambo yakanyooka. Mtoto wa jini na binadamu hakumshangaza hata kidogo. Alijua ukoo mzima, upande wa Gando, uliosemwa hivyo. Nilipofika kwa watoto wa Kirumi, ambao miungu yao ni ile ile kwa majina mengine, alicheka. "Jini akihama mji hubadili jina. Hilo nalo la kuandikiwa kitabu?" Lakini lililomshughulisha lilikuwa moja. Kila tukikaa aliuliza, "Na yule babake? Kesha kuja?"

"Bado, bibi."

"Hm," alisema, na kuvuta kishada kingine.

Siku chache kabla ya Idd, jirani yetu alivuka uani na simu yake mkononi. Baba yuko hewani. Bibi aliipokea, akasikiliza muda mrefu. "Sawa, baba," alisema. "Sawa. Mungu akubariki." Kisha akanipa mimi. Baba aliniuliza kuhusu shule, nikasema nzuri, na laini ikakatika. Jirani akaichukua simu yake na kuondoka bila kuniangalia. Bibi akanieleza taratibu: haji. Ameoa huko, na mke ni mjamzito.

Sikulia. Nilikaa kwenye jamvi nikachambua kwa nguvu. Bibi akaniomba hadithi.

"Imekwisha," nikamwambia. "Na mwisho wake haupo. Kitabu hakikuletwa."

"Mie naujua mwisho wake."

"Bibi, wewe Kizungu husomi."

"Nakwambia naujua. Yule baba kaja. Kaja alfajiri, ntoto kalala. Kataka kumwamsha, kaona haya, maana atamwambia nini? Basi kamvutia shuka mpaka shingoni, kakaa pale mpaka kukapambazuka, kaenda zake. Ntoto kaamka, kajiona kafunikwa."

"Kwa hiyo hakumwona?"

"Hakumwona," bibi akasema. "Lakini alikuja."

Hapo nililia, nikalia mpaka kifua kikabana, naye akanisugua mgongo kwa mkono wenye harufu ya karafuu.

Baba alikuja kweli, miaka mingi baadaye, bibi tulipokuwa tumeshamzika. Tulikaa barazani kama wageni wawili waliokutana safarini, tukazungumza habari za mvua.

Katika kitabu nilichonunua, mungu wa upepo anashuka na kimbunga mbele ya majeshi yote, anamkumbatia binti yake, na maadui wanapiga magoti. Ni mwisho mzuri. Wanafunzi wangu wataupenda. Mimi niliusoma kwa adabu, kama mtu anayesikiliza uongo wa mgeni.

Nyumba ya Mgogoni sasa wanakaa watu wengine, na uani wamejenga banda la tofali. Mwalimu alihamishwa, sijui yuko wapi. Haya yote nimeyazoea. Lakini ule mwisho wa bibi hakuna aliyeuchapa, hakuna duka linalouuza. Tulioujua tulikuwa wawili tu, na mmoja wetu yuko chini ya udongo.