Kuku Chini ya Mwindaji

Nimehama vyumba vingi vya kupanga, Segerea, Mbezi Luis, na hata hiki cha sasa nimeanza kukichoka. Kila niendako nabeba kitambaa cha mahameli cha kutundika ukutani. Kina mwindaji juu ya farasi, anamchoma simba mkuki. Simba ana uso wa mtu aliyekatizwa usingizi.

Zamani kilikuwa sebuleni kwa baba mdogo, Chamazi, aliyetulea mie na dada yangu. Mgeni aliketishwa chini yake, kisha baba mdogo akamsimulia jinsi babu yetu alivyoua simba, na kwamba damu ile bado tunayo. Babu alikuwa fundi cherehani. Mshenga wa kwanza aliyeleta posa ya dada aliisikiliza hadithi hiyo, akamaliza soda yake, hakurudi tena.

Alipokuja wa pili, mzee mmoja wa kanzu na koti, dada alinivuta hadi jikoni. Kijana aliyemtuma mzee huyu, dada alimpenda hasa. Akanisihi nifanye lolote, ilimradi simba asiuawe siku hiyo.

Sikufanya kitu. Kile kiti cha wageni kilikuwa na mwenyewe: kuku wa baba mdogo alikuwa ameuchagua mto wake uliochanika, akawa anaatamia.

Baba mdogo akataka kumwinua, akadonolewa kidole. Akaleta fagio. Kuku akatutumua manyoya, na mwana wa muua simba akarudi nyuma mpaka akagota ukutani, kichwa chake kikawa chini ya kwato za farasi.

"Mwache, mzee mwenzangu," mshenga akasema. "Ukimsumbua, mayai yote viza. Nipe mkeka."

Tukakaa chini wote. Kwa mazoea baba mdogo akaanza habari za babu. Kuku akaguna mara moja tu, baba mdogo akaiacha hadithi.

Mshenga akautazama ukuta, akakitazama kiti, akakitazama na kile kidole.

"Nilipoiona picha nilimhofia kijana wetu," akasema. "Sasa nimetulia. Kumbe hapa mama mwenye mayai hanyanyuliwi kitini."

Baba mdogo aliipokea posa kidole kikiwa mdomoni.

Siku ya kumsindikiza dada, baba mdogo alikitungua kitambaa kwa heshima zote ili aende nacho. Dada akashukuru, akaomba kuku.

Ndiyo maana huyu mwindaji ninaye mie.