Kitambaa Cheupe cha Benzi Letu

Wajukuu wangu hunicheka kwa hili, na wana haki. Mwaka wa tisini na moja tulinunua Benzi kuukuu jeusi la kunipeleka sokoni kila siku. Kioo cha pembeni kililegea, nikakifunga kwa kitambaa cheupe.

Jumamosi moja, tukitoka sokoni, tulipita mbele ya kanisa. Magari yaliyokuwa yakisubiri pale yakatufuata kwa honi mpaka kwetu Gitega.

“Wanakusalimu, Mama Roza,” alisema mume wangu, marehemu sasa, akiendesha.

“Wanajua gari,” nikajibu kutoka kiti cha nyuma, nikipunga mkono kama mke wa waziri. Ah, ningempata tena dereva yule!

Nyumbani, mama mmoja aliyeshuka gari la nyuma yetu akanifungulia mlango wa Benzi kwa vigelegele. Ghafla akainama, akitazama kikapu cha mihogo mapajani mwangu.

“Mama, bibi harusi wetu yuko wapi?”