Mheshimiwa Rafaeli na Mume Wangu

Andresi, fundi wa visima kutoka Uhispania, alikuwa barazani kwetu akijaribu kula wali kwa mkono, na nusu ya wali ilikuwa imemmwagikia mapajani. Mume wangu Shee, dereva wake, alicheka hadi akapaliwa. Kijiji chetu kiko kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia. Vita tulivisikia redioni tu, tukavihesabu kuwa ni mambo ya watu wengine.

Baada ya alasiri wakaja wenye bunduki.

Hawakupiga kelele. Walimtaka mzungu.

“Dereva wa gari hili nani?” mmoja akauliza.

Shee akanawa mkono kwanza. “Mimi,” akasema.

Wakawachukua wote wawili. Wenzao waliobaki nyuma wakatia moto nyumba, nasi tukakimbia kwa miguu.

Nilifikia Malindi, mtaa wa Shella, kwa Khaloo Maryam, dada yake mama. Huko ndiko nilikoingia siasa za Uhispania. Mji wa kina Andresi ulikuwa na meya msoshalisti, Rafaeli, mtu mnene mwenye sauti ya mnadi samaki. Alisimama hadharani na picha ya Andresi kisimani, akaapa kwamba atamrudisha. Katika picha ile Shee alikuwa kando yake, lakini kwenye mabango ya kampeni walimkata, likabaki bega. Sikulalamika. Nilifurahi kuliona hata hilo bega.

Habari alituletea binamu yangu Omari, mhudumu wa hoteli kule Watamu. Kihispania hakijui, ila Kiitaliano anakimwaga kama maji, na alidai lugha hizo ni ndugu, kinachobaki unakisia. Rafaeli alipoingia bungeni, tulipika mahamri. Alipokuwa waziri, Khaloo alichinja mbuzi. Wanawake wa mtaa wetu, ambao hata jina la diwani wao hawalijui, walimwombea msoshalisti yule kila baada ya sala. Niliwacheka, nami nikaomba kuliko wote.

Kisha Andresi akaachiliwa. Tulitazama kwenye simu ya Omari: ndege ikatua, waziri akamkumbatia, wakalia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa ndege nyuma yao, mpaka ukafungwa.

Siku chache baadaye Andresi akanipigia. Walitenganishwa, akasema. Alimwacha Shee hai, mguu umevimba. Waziri alikuwa pembeni yake, akasema jambo, na Andresi akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuchechemea: “Anasema, dada, akiwa kwenye kiti hiki, hatamsahau.”

Tangu hapo nikaogopa kura kuliko bunduki. Penye bunduki nilikuwapo, walau nilimtazama mume wangu usoni. Kura zilipigwa mbali, na watu wasionijua, wenye hasira zao za bei ya umeme. Ningewalaumu kwa lipi?

Uchaguzi uliofuata chama cha Rafaeli kilianguka vibaya. Omari alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, haingii.

“Ameshindwa, dada. Hata ubunge hana. Anasema anaacha siasa, anarudi kukaa na mke wake.”

Nilimwonea wivu mwanamke yule, wallahi.

Kabla ya adhuhuri majirani wakaanza kuingia. Walivua viatu, wakanipa mkono, wakaketi mkekani. Mmoja alileta kahawa, mwingine sukari. Nilitaka kuwaambia hakuna aliyekufa, ni mtu tu ameshindwa uchaguzi wa kwao, na maiti ya mume wangu hakuna aliyeiona. Kabla sijafungua kinywa, Khaloo akaanza kusoma Yasini, nao wakapokea.

Walipomaliza, mama mmoja akasema, “Mola amrehemu Shee.”

Neno hilo halikuwa limetamkwa nyumbani mwetu hata mara moja. Wote wakanigeukia, wakangoja. Nikaitikia amin, na tangu siku hiyo mimi ni mjane.