Sajenti Stidham Achagua Cherehani

Katika kikosi kizima cha vifaru, pale kambini karibu na mji wa Killeen, hakuna askari aliyegongewa mlango mara nyingi kama Orrin Stidham. Watu walimletea suruali zilizopasuka na makoti yaliyotaka beji mpya ya cheo. Siku moja luteni alimletea gauni la harusi la mchumba wake, lililokuwa limegoma kufungwa zipu. Orrin alikuwa sajenti, mpiga mzinga wa kifaru, pande la mtu kutoka milima ya Kentucky. Kushona alifundishwa na bibi yake aliyemlea, mama mmoja mkali aliyetengeneza mablanketi ya viraka na asiyependa kuona mjukuu amekaa bure.

Mwanzoni wenzake walimcheka. Kip Lundgren, dereva wa kifaru chao, ndiye aliyembandika jina la Mama Stidham. Halafu Kip akapasukiwa suruali asubuhi ya gwaride, na siku hiyo akajifunza kusema tafadhali. Jina hakuliacha, lakini tangu hapo alilitamka kwa heshima.

Mkataba wa Orrin ulipokaribia kwisha, alijua jambo moja tu: vifaru vimemtosha. Mgongo ulimuuma, na masikio yalimvuma hata akiwa kanisani. Jeshi lenyewe alilipenda, kwa hiyo akaenda kwa Sajenti Broussard, mwanamke wa Louisiana ambaye kazi yake ilikuwa kuwashawishi askari waongeze mkataba na kuwatafutia fani mpya. Broussard alimmiminia kahawa, akamgeuzia kompyuta ili ajionee nafasi zilizokuwapo.

Kulikuwa na upishi, udereva wa malori, na mitandao ya kompyuta. Orrin alikuwa ameshaamua kuchukua mitandao, kwa kuwa mkewe Yesenia alisema mtu mwenye ujuzi huo hakosi kazi uraiani. Akateremsha ukurasa bila haraka, na hapo akakutana na picha ya ukumbi mmoja mrefu. Mbele kulikuwa na meza zilizotandazwa miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Nyuma, kando ya ukuta, zilipangwa cherehani, kubwa, za chuma, za kushonea vitambaa vizito.

"Hizi zinafanya kazi kweli?" aliuliza.

"Cherehani? Zinafanya kazi kutwa. Hao ndio wanaokunja miavuli ya jeshi, na ikichanika wanaishona."

"Niandikie hiyo, afande."

Broussard akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza, mdogo wangu. Mkunja miavuli lazima naye awe mrukaji. Mkubwa yeyote anaweza kuokota mwavuli ulioukunja wewe, akakwambia uvae, upande ndege, uruke nao. Ndiyo sheria yao. Wewe na mahali pa juu mnaelewana?"

Orrin alikiri kwamba hata taa ya sebuleni ikiungua, anayepanda ngazi ni Yesenia, yeye anashikilia chini. Broussard alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia aende akazungumze na huyo mpanda ngazi kabla ya kusaini chochote.

Yesenia alikuwa jikoni akigeuza chapati za mahindi. Aliposikia neno ndege, naye akacheka, akalazimika kukaa. Kisha akaona mumewe hacheki.

"Si tulisema kompyuta?" akauliza.

"Kompyuta nitaziweza. Lakini zile cherehani, Yese, nilizitazama kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya duka la keki."

"Na kuruka je?"

"Kuruka nakuogopa hata nikiwa nimekaa hapa."

Yesenia akageuza chapati mbili tatu. "Nimeishi na mtu anayerudi nyumbani amenuna," akasema mwishowe. "Mwoga mwenye furaha nitamvumilia. Nenda kasaini."

Kiapo cha mkataba mpya alikila uani mwa duka la nyama za kuokwa, mahali alipopachagua mwenyewe, kikosi kizima kikiwa pale na njaa yake. Kama ilivyo desturi, kapteni alimwachisha jeshi kwanza, akamwambia kwamba kwa sasa hivi yeye ni raia kama raia wengine. Kip akapaza sauti kutoka nyuma: "Kimbia, Mama, geti liko wazi." Orrin akainua mkono wa kulia, vidole bado vina mchuzi wa nyama, akaapa upya watu wakicheka.

Shule ya kuruka ilikuwa Georgia, na huko hakuna aliyecheka. Mara ya kwanza Orrin hakuruka hasa. Foleni ndiyo iliyompeleka mlangoni mwa ndege, na foleni ikamtoa nje. Alifumba macho mpaka miguu ilipogonga ardhi, kisha akatapika. Mara zote zilizofuata aliruka amefumba macho vilevile. Alimwambia Yesenia kwa simu kwamba anga ya Georgia anaijua kwa kuisikia tu.

Akahamishiwa Virginia kujifunza kukunja, na huko akawa mtu mwingine. Mikono yake ilielewa kile kitambaa kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Alinyoosha kamba, akalaza mikunjo, akasubiri akaguliwe, akaendelea. Jioni alibaki kwenye cherehani akipiga mluzi, mpaka mwalimu akamwomba aende kula.

Ikafika siku ya kila mwanafunzi kuruka na mwavuli alioukunja mwenyewe. Ndani ya ndege kila mmoja alikuwa amebeba kazi yake mgongoni. Orrin alipitia yake moyoni, kamba kwa kamba, mkunjo kwa mkunjo, akakuta hakuna alilosahau. Bado aliogopa kama kawaida. Lakini alipofika mlangoni alitaka kuona kitambaa chake kikifunguka, na huwezi kuona ukifumba macho.

Akatoka ameyakodoa. Mwavuli ukavuta, akatazama juu, akaona mikunjo yake ikiachiana mmoja baada ya mwingine hadi ukajaa upepo, mzima, mpana kama paa la nyumba. Chini yake kulikuwa na misonobari, na basi la shule la manjano likienda taratibu barabarani. Mwalimu aliyekuwa uwanjani alisikia mtu akicheka angani kabla hajamtambua ni nani.

Yesenia alisafiri kwenda kwenye mahafali. Walipomvisha mumewe kofia nyekundu ya wakunja miavuli alipiga vigelegele peke yake, watu wakageuka. Walipokwenda kula aliinyakua ile kofia, akaivaa yeye, na Orrin alipodai kwamba ni mali ya jeshi akamwambia ale chakula chake.