Mwanamume Asiyetajwa Jina

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni mke wangu alipokuja kuishi nami Guangzhou. Tulipanga chumba na jiko Xiaobei, kwenye jengo lisilo na lifti. Waafrika tulikuwa wachache bado, tukijuana kwa nyuso. Asubuhi mimi nilikwenda soko la Zhongda kutafuta vitambaa vya wateja wa Kariakoo, yeye akabaki na kuta. Kichina hakukijua na baridi hakuiweza. Jioni nilimkuta dirishani akinitazamia, na nikiwa bado chini barabarani ananipungia mkono. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyokuwa nikiukimbilia ule mkono.

Kisha akapata shoga. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Kihindi, mtu wa Orissa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro. Mumewe alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo kule, wakakaa miaka mingi. Sasa mumewe alikuwa Zhongda kama mimi, akikagua vitambaa kwa niaba ya matajiri wa kwao. Mke wangu aliniambia wanafundishana mapishi. Nilifurahi, mpaka dirisha lilipoanza kuwa tupu nikirudi.

Siku moja, nikiwa napanda ngazi, niliwasikia wakiagana juu yangu.

"Kesho Yeye atafika?" mke wangu aliuliza. Hilo "Yeye" alilitamka kwa upole, kama jina.

"Akipata nafasi. Si unajua nyumbani kumejaa watu?"

"Mwenzangu, mimi usingizi sipati."

"Basi njoo mapema, kabla shemeji hajarudi."

Shemeji ni mimi. Nilishuka tena mpaka mlango wa chini, nikasimama hapo nikijifanya nafunga kamba za viatu. Nilipoingia ndani mke wangu alinipakulia wali akiimba puani. Sikuuliza kitu. Mtu akishauliza hujibiwa, na mimi nilikuwa naliogopa jibu.

Kesho yake Zhongda sikuona rangi wala bei. Laoban, yule tajiri wa duka nililozoea, aliniwekea jora moja baada ya jingine, nami nikawa naitikia kila kitu. Kabla ya adhuhuri nilimwacha na majora yake nikarudi nyumbani. Nilipita mlango wangu, nikapanda kwa jirani. Nilisukuma bila hodi.

Walikuwa wamekaa mkekani, wawili peke yao. Mke wangu alikuwa analia.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo Yeye wenu!"

Walitazamana. Jirani alikuwa ameshika kitabu mapajani. Akaufunika mdomo kwa ncha ya sari, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Shemeji, umechelewa," akasema. "Sasa hivi amepanda treni ya Kalkata."

Mke wangu alicheka na machozi yake mashavuni mpaka akaanguka ubavu. "Mtazame uvunguni, baba! Huenda hajafika stesheni!"

Nilikalishwa, nikapewa chai ya maziwa, nikaelezwa. Jirani alikuwa na sanduku la riwaya za mapenzi za lugha yao, Kiodia. Nyingine alitunzwa siku ya harusi. Alipokuwa msichana, kwao bibi harusi aliweza kutunzwa riwaya kama kwetu anavyotunzwa khanga. Alikuwa anamsomea mke wangu mojawapo, sentensi kwa Kiodia, sentensi kwa Kiswahili. Bahati mbaya shujaa wa riwaya hii aliitwa jina lile lile la mume wake. Na mke aliyelelewa kwa mila zao halitamki jina la mumewe, hata liwe la mtu mwingine, hata liwe kwenye kitabu. Kila akilifikia aliliruka na kusema Yeye.

Ningepaswa kupumua. Badala yake wivu ulizidi. Mwanamume mwenye miguu ningemngojea ngazini. Huyu ningemfanya nini? Hakutoka jasho wala hakukoroma. Alifanya kazi Kalkata, na akirudi kijijini hakuweza kuzungumza na mkewe mchana mbele ya mama yake, kwa hiyo alikohoa karibu na kisima ili mke ajue kwamba amefika. Alimletea rangi nyekundu ya kupaka miguuni, akaificha kwenye mkunjo wa nguo mpaka watu walale. Mke wangu alinisimulia haya tukila, na mchuzi hauna chumvi.

Nami nikajaribu. Nilinunua vibanio vya nywele mtaa wa Yide Lu, nikavificha ndani ya koti, nikasimama nje ya mlango wetu nikakohoa.

"Mafua hayo!" mke wangu akaita kutoka ndani. "Si nilikwambia uvae fulana?" Nilichemshiwa tangawizi. Vibanio nilimpa mkononi, akashukuru, kisha akauliza, "Sasa ulikuwa unamficha nani, na tuko wawili tu?"

Riwaya ilipokaribia mwisho, Yeye alipata homa Kalkata. Kwao kuna sikukuu ya kuipumzisha ardhi, wanawake hawasagi wala hawapondi, wanapanda bembea. Mkewe alikuwa kwenye bembea habari ya kifo ilipoletwa.

Mke wangu alimlilia mtu yule kama ndugu. Alishindwa kula. Nilikwenda kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina pale chini nikamnunulia tambi za nyama ya kondoo, nikakaa mbele yake na bakuli.

"Na mimi ungenililia hivi?"

Alinitazama, macho mekundu. "Wewe unarudi kila jioni na viatu vya tope. Nitakulilia lini?"

"Nikifa."

"Nyamaza. Lete hizo tambi."

Sikuridhika. Nilijiambia siku moja nitamuuliza vizuri, akiwa ametulia, naye atanijibu sawasawa.

Aliugua baada ya sisi kurudi Dar es Salaam, na hakuugua muda mrefu. Nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea. Watu walisifu subira yangu. Kweli sikulia mbele yao. Nilikuwa nawaza mambo ambayo mume hapaswi kuyawaza pale: kwamba machozi ya mke wangu niliyaona yakimwagika, mengi, ya kweli, na aliyepewa ni mtu wa Kalkata ambaye hakumbebea hata ndoo moja ya maji.

Mimi sitayapata. Wakinipa pole naitikia, nimeshapoa, nawakaribisha kahawa. Lakini huyo mtu namwonea wivu mpaka leo.