Siku Darasa Lilipoikataa Hati ya Haki

Jumanne, tarehe 9 Disemba. Kumekucha na mawingu juu ya Jabal Akhdar, na baridi ya kutafutia shali.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Birkat al-Mauz, Oman, nilikabidhiwa funguo za ghala ya vitabu, si darasa. Nilitoka Unguja na elimu ya darasa la nane tu. Mwalimu wa historia alipohama, mudira, yaani mkuu wa skuli, akaniita: "Bi Zuwena, washike hawa wasichana mpaka aje mwengine." Hakuja mwengine. Akaja muwajjih, mkaguzi wa masomo, kuamua nibaki darasani au nirudi ghalani.

Siku hiyo somo lilikuwa la Wamarekani wa mwanzo: katiba wameshaitunga, wanabishana kama waongeze hati ya haki za raia. Moyo wangu ulikuwa kwa waliotaka ziandikwe, serikali isije ikazikanyaga. Lakini sikuona haki kuwanyima wapinzani hoja yao: ukiorodhesha haki, utakayoisahau itasemwa haipo. Nikaieleza kwa falaji, mfereji wetu wa maji. Zamu za mashamba zimo daftarini. Kujaza mtungi pale maji yanapotokea hakumo, na hakatazwi mtu.

Nadhani niliieleza vizuri kupita kiasi. Nilipowapigisha kura, darasa zima likasema zisiandikwe!

"Umewafundisha kuikataa hati ya haki?" mkaguzi akauliza.

"Nimewafundisha pande zote mbili, ustadh," nikajibu.

Hapo Thuraya, aliyekuwa akikaa nyuma, akainuka. "Mwalimu, kura yangu naibadilisha. Akija msimamizi wa falaji mkorofi, akamkataza bibi yangu asichote, tutamwonesha nini?"

"Mwoneshe mtungi!" mwenzake akadakia. Wakacheka.

"Cheka wewe, kwenu mna bomba! Ziandikwe, na chini yake iandikwe: ambazo hazimo humu, nazo zipo vilevile."

Mkaguzi akafunga faili lake. "Wamarekani nao mwisho waliandika hivyo hivyo, baada ya ugomvi mkubwa." Akanigeukia. "Bi Zuwena, funguo za ghala mpe mtu mwengine."

Nikafundisha hapa, kisha Nizwa, kisha Ibra, mpaka nikastaafu. Mpaka leo sina hakika kama mimi ndiye niliyefundisha siku ile, au nilifundishwa. Lakini nilishinda, na wao walishinda.

Leo jioni tumekula ndizi mbichi za nazi kwa papa. Ndizi kazileta Thuraya, kutoka shamba la bibi yake. Siku hizi mudira wa skuli ile ni yeye.