Breki za Marehemu Eino

Kwa miaka thelathini na mmoja, hapa kijijini Kuuslahti, Ufini, hakuna aliyewahi kuteremka Kilima cha Kanisa mbele ya mtu wa ukoo wa Hyttinen siku ya Vapu. Kila tarehe mosi Mei, wote waliohitimu sekondari huvaa kofia zao nyeupe, hupanda baiskeli na kuteremka hadi ziwani, ambako barafu ya mwisho bado inaelea. Anayetangulia, na kusimama kabla ya kuingia majini, ndiye anayekata andazi la kwanza. Eino Hyttinen alilikata hadi alipofariki. Sasa zamu ilikuwa ya mjane wake, Irja, mwalimu mstaafu wa kemia. Kofia yake ilikuwa imeingia manjano kidogo, lakini shingo iliyoibeba haikuwa imeinama.

Siku tatu kabla ya Vapu, Irja aliishusha baiskeli ya Eino kutoka kwenye ndoano nyuma ya sauna, ambako ilikuwa imening'inia matairi juu majira yote ya baridi. Akabana breki ya mbele. Kishikio kililala hadi kwenye usukani, laini kama mkate uliolowa maziwa. Ya nyuma vilevile.

"Hewa imeingia kwenye mafuta ya breki," alisema. "Ni nani aliyeitundika kichwa chini?"

Alimjua vizuri huyo mtu, alimwona kila asubuhi kwenye kioo, kwa hiyo hakuendelea kuuliza.

Jirani yake Toivo Lappalainen, anayetengeneza baiskeli za kijiji kizima, alikuwa ameegemea ua, kofia nyeupe tayari kichwani.

"Mwalimu, nikuletee kamba? Tukufunge kwenye mti kule juu, uteremke taratibu kama ndoo kisimani."

"Kamba yako itunze, Toivo. Utafungia mdomo."

"Basi nitangulie mimi mwaka huu. Marehemu angeelewa."

Marehemu asingeelewa hata kidogo. Kumpa Toivo baiskeli hiyo aitengeneze kulikuwa sawa na kumkabidhi andazi na kisu. Irja akampigia simu wifi yake, Hilkka, dada yake Eino, mwanamke wa kicheko kikubwa ambaye tangu mazishi aliiita baiskeli hiyo kwa jina la kaka yake, na ambaye hakuamini kama kuna ugonjwa usiotibika kwa sauna.

Hilkka akaja, wakafungua kizibo kidogo kwenye usukani, wakachomeka bomba la sindano lenye mafuta, na Irja akaanza kuugongagonga mrija wa breki kwa mwiko ili hewa ipande. Kilitoka kiputo kimoja. Baada ya muda mrefu kikatoka cha pili.

"Eino ana baridi," alisema Hilkka. "Tumwingize sauna."

"Hilkka, hii ni baiskeli."

"Na babu alikuwa na mguu wa mbao. Tuliuacha nje?"

Irja alifikiri kama mtu wa kemia. Mafuta yakipata joto huwa mepesi, na viputo hupanda upesi. Sayansi haikuwa na pingamizi. Basi wakavua nguo kama kila aingiaye sauna, wakaketi, na baiskeli ikasimama kati yao, mbali kidogo na jiko. Viputo vikaanza kutoka kwa makundi.

"Bana!" aliamuru Irja. "Achia! Bana tena!"

Toivo, aliyekuwa akipita nje na kuni zake, akasimama. "Mko na nani humo?"

"Na Eino!" alijibu Hilkka.

Kuni zikasikika zikianguka, kisha hatua za mtu anayekimbia.

Kishikio kikawa kigumu kama jiwe. Irja akatoka kunywa maji, na Hilkka, kwa wema wake wote, akaisugua baiskeli kwa sabuni ya lami, ile nyeusi ya saunani, kuanzia usukani hadi sahani za breki, kisha akaichapa kwa kitita cha matawi mabichi ya mti wa mbetula, maana ndivyo mtu anavyoogeshwa saunani.

Siku ya Vapu Irja alitangulia. Katikati ya kilima akabana breki.

Kilitoka kilio kama cha fahali aliyekanyagwa mkia ndani ya pipa. Tarumbeta za bendi zikanyamaza. Mchungaji akaangusha andazi. Bata maji wote wakaruka. Irja akanusa lami ikipanda kutoka kwenye sahani za breki, akaelewa papo hapo: Hilkka alizisugua kwa sabuni, na sabuni ndiyo iliyokuwa ikilia. Akiachia breki, kilio kitakoma, na Hyttinen ataingia ziwani na kofia yake. Akibana, kijiji kitamcheka. Akainua kidevu, akabana zote mbili.

Baiskeli ililia kilima kizima, ikapunguza mwendo kwa shingo upande, na kusimama gurudumu likiwa shibiri moja kutoka majini.

Toivo akafika wa pili, amekwajuka.

"Mwalimu, ile ilikuwa nini?"

Irja akanyoosha kofia. "Hyttinen anafika. Ulitaka tuje kwa kunyata?"

"Ni sabuni ya..." alianza Hilkka.

"Wifi, kula."

Irja akakata andazi la kwanza, akampa Toivo kipande cha pili. Toivo alitafuna kwa muda, akitazama baiskeli kwa jicho la pembeni.

"Lakini Eino," alinong'ona, "hakuwemo saunani kweli, au siyo?"

"Alikuwemo," alisema Irja. "Tulimtoa upepo wote."